Kilo Mbili Upande wa Kulia

Mwezi wa sita mwaka huu Evaresta alihamisha sukari yangu. Zilikuwa kilo mbili ndani ya mfuko wa nailoni, akazitoa upande wa kushoto wa begi la mumewe na kuzishindilia upande wa kulia, chini kidogo ya bega. Mimi ni mpishi wa misafara ya miguu, na sukari ni mali yangu mpaka ikishaingia kwenye chai, kwa hiyo niliona. Niliona na nikacheka. Leo Kasaine, huyo mumewe, yuko wodini na hakuna anayejua kama miguu yake itambeba tena, na kila nikikumbuka kicheko changu cha asubuhi ile natamani kujizaba kofi.

Jina langu ni Elimringi. Namweleza Evaresta kwa sababu mjini wameanza kumsema, na wengi wanaomsema hawajawahi kubeba hata ndoo ya maji kutoka bombani hadi mlangoni. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Mimi nimetembea naye miaka tisa, nina haki ya kumlaumu. Wao hawana.

Amezaliwa kijijini Akheri, kwenye migomba na kahawa, na mama yake alikuwa akipeleka ndizi soko la Tengeru kila Jumamosi. Njia yao ilikuwa mteremko wa matope, na mkungu uliokaa vibaya ulikuwa unakupeleka mtaroni ukiwa umeukumbatia. Hapo ndipo Evaresta alipojifunza jambo ambalo viongozi wa misafara wenye vyeti vyao hulisoma darasani: mzigo haukuchoshi kwa uzito wake tu, unakuchosha kwa umbali wake na mgongo wako. Kilo ishirini zilizokukumbatia ni nyepesi kuliko kilo kumi na mbili zinazokuvuta nyuma. Alipokuja kwenye kazi yetu ya kubeba, akiwa mwanamke peke yake kati ya wanaume kumi na mmoja, wiki ya kwanza tulimcheka. Wiki ya pili tulikuwa tunapanga foleni atufungie mabegi.

Sisi hatupandi kileleni. Tunauzunguka Mlima Meru kwa miguu siku sita, tunapita upande wa magharibi kwenye mashamba na malisho, halafu tunakunja kuelekea Ngare Nanyuki. Wanaopanda mlima hupimiwa mizigo getini kwa mizani. Njia yetu haina geti. Mizani yetu ilikuwa Evaresta.

Alikuwa na utaratibu wake na hakuruka hatua. Anatandika turubai, anamwaga kila kitu. Mablanketi na nguo laini zinakwenda chini kabisa. Vizito, yaani mtungi wa gesi, dumu la mafuta, mchele, sukari, vinakaa katikati ya mabega, vikigusa mgongo. Vyepesi vinazunguka nje na juu. Kisha analivaa begi mwenyewe, anatembea hatua kumi, anarudi, anahamisha kitu kimoja, anatembea tena. Akiridhika anamvisha mwenye begi, anaanza na mkanda wa kiunoni, ndipo kamba za mabegani. Mwisho anasimama nyuma yake na kumkagua kama fundi anavyokagua ukuta aliotoka kuupiga lipu, na kuuliza neno moja tu.

"Umekaa?"

Anauliza habari za mzigo. Mbebaji anajibu, "Umekaa," na safari inaanza. Bila jibu hilo hakuna mtu aliyetoka, hata kama wageni wamesimama wanatazama saa zao. Kuna mgeni mmoja alikuja na begi la kifahari lenye kamba nyingi kuliko punda wa harusi, na siku ya pili alikuwa anatembea upande upande kama kaa. Evaresta alilimwaga njiani mbele ya watu, akakuta vitabu vinne na taulo mbili mbichi zimefungwa kileleni mwa begi. Akapanga upya bila kusema neno. Jioni mgeni yule alitaka kumbusu mikono, Evaresta akaificha nyuma.

Sasa Kasaine. Anatoka Oldonyo Sambu, mrefu, mkimya, mkristo wa Kilutheri asiyekosa ibada. Kiswahili alikijia ukubwani, na ngeli zilimshinda. Kwa Kasaine kila kitu kilikuwa mtu: mvua anakuja, sufuria amepotea, viatu wananibana. Mzigo ukimkaa vizuri husema, "Mzigo amekaa." Tulikuwa tunamtania mpaka machozi yanatutoka, mimi nikiwa mtaniaji mkuu, na yeye alikuwa anatabasamu kidogo na kuendelea kufunga kamba za viatu. Evaresta alimpenda kwa utulivu huo. Walipooana wakapanga chumba mjini, mtaa wa Levolosi, kwa Bi Swabaha, mjane mwenye nyumba ya vyumba sita na macho yanayoona vyote sita kwa pamoja.

Asubuhi ile ya mwezi wa sita Evaresta alimfunga mumewe begi la jikoni, akasimama nyuma yake, akauliza, "Umekaa?"

Kasaine akasema, "Sijakaa."

Tukaangua kicheko. "Shemeji," nikamwambia, "leo mzigo amekuwa wewe mwenyewe? Sema haujakaa!" Wagumu wote, ndivyo wabebaji tunavyoitana, wakadakia: sijakaa, hujakaa, hatujakaa. Hata Evaresta alicheka. Lakini aliona kwamba mumewe ameelemea kushoto, kidogo tu, upana wa vidole viwili, na kwake mtu aliyeelemea ni begi lililokosewa. Ndipo akahamisha sukari. Kasaine akanyooka. Tukaondoka.

Kiswahili nacho kina ujanja wake, na mimi ninayejifanya mwalimu nilipaswa kuuona. "Umekaa" ya mzigo na "umekaa" ya wewe ni neno lile lile. Sisi tuliozaliwa nalo tunajua kipi kinaulizwa bila hata kufikiri. Mtu aliyejifunza kwa kusikiliza anajibu swali alilosikia.

Mwezi wa saba akasema tena, kwa sauti ya chini zaidi. Evaresta akamuongezea upande wa kulia nusu lita ya mafuta na kopo la maziwa ya unga. Akanyooka. Mwezi wa nane hakusema kitu. Alisimama tu akasubiri, na mkewe akahamisha mtungi mdogo wa gesi bila kuuliza. Alivuta pia mkanda wa kiunoni matundu mawili zaidi ya kawaida, akafurahi, akasema begi sasa limemkubali. Mimi nililiona tumbo lile lilivyoingia ndani. Nilidhani ni njaa ya kazi, nikamuongezea ugali. Hakuumaliza.

Kwa nje alikuwa anapendeza. Kuna picha aliyopiga mgeni mmoja kule Olkokola: Kasaine mbele, begi mgongoni, wima kabisa, mlima nyuma yake. Kampuni iliichapisha kwenye kipeperushi. Ukiitazama leo unaona shati limelowa jasho wakati wengine wote wamevaa masweta, lakini wakati ule tuliona urefu na tabasamu. Nilimsifu Evaresta, nikamwambia ana mkono wa baraka. Nilisema hivyo, siwezi kukana.

Wa kwanza kuona kilichokuwa kinakuja alikuwa Bi Swabaha. Nilikwenda Levolosi mwanzoni mwa mwezi wa tisa kuchukua sufuria zangu, saa nne asubuhi, nikamkuta anachambua mchele uani.

"Shikamoo Bi mkubwa."

"Marahaba. Elimringi, wewe ni mtu mzima, nikuulize. Yule Kasaine mnambebesha nini huko?"

"Mizigo ya kawaida, Bi mkubwa."

"Basi akitoka kuoga anashika ukuta. Toka mlango wa bafu mpaka chumbani kwake, mkono haubanduki ukutani. Juzi nimemwona anakwenda dukani kununua kiberiti, kavaa begi. Begi limejaa. Nikamwuliza, baba, unasafiri? Akaniambia, hapana, mama, bila mzigo naanguka."

Nilisimama na sufuria zangu mikononi.

"Umemwambia Evaresta?"

"Nimemwambia. Ameniambia akibeba ananyooka." Bi Swabaha akatupa chuya pembeni kwa hasira. "Kikulacho ki nguoni mwako. Mwambie wewe, labda atakusikia mwanamume."

Nilimwambia kesho yake, tukiwa tunapakia. Nilimwambia vibaya, kwa utani, kama kawaida yangu: "Eva, mumeo sasa analala na begi?" Akanitazama, na kwa mara ya kwanza katika miaka tisa nikamwona Evaresta anaogopa. Alikuwa ameshajua, au sehemu yake ilikuwa imeshajua. Lakini akaligeukia begi, akalifungua upya, akaanza kupanga kwa haraka, mikono ikitafuta kitu cha kuhamisha. Ndiyo kazi aliyoijua. Mtu mwenye nyundo ukimpa hofu ataitafutia msumari.

"Safari hii tu," akasema. "Tukirudi tunakwenda hospitali. Nimeshamwambia."

Safari ile ilikuwa mbaya tangu siku ya kwanza, ingawa ukiuliza wageni watakuambia ilikuwa nzuri. Anga lilikuwa jeupe, mlima umefunikwa mchana kutwa, vumbi halitui. Kasaine alitembea wima na hakuzungumza. Tulipopumzika wote tulivua mizigo, yeye akaegemea jiwe akiwa na wake mgongoni. Siku ya pili nikaanza kumtazama miguu. Mguu wa kushoto ulikuwa unachora mstari kwenye vumbi, mstari mrefu usiokatika, na wabebaji waliokuwa nyuma yake walikuwa wanaukanyaga. Evaresta alitembea nyuma yake moja kwa moja, macho kwenye begi. Kila baada ya saa moja alimsimamisha, akaingiza mkono, akasukuma kitu kulia.

Siku ya tatu tulipiga kambi karibu na Oldonyo Sambu, kwao, jua bado liko juu. Mama yake Kasaine alikuwa amekuja kutusubiri na kibuyu cha maziwa. Anaitwa Namnyaki, mwanamke mwembamba mwenye sauti kavu. Nikamsalimu kwa Kimaasai kichache nilichonacho, "Takwenya," akaitikia "Iko" bila kunitazama. Alikuwa anamtazama mwanawe.

Akasema neno fupi. Lemomo, mgumu mwenzetu wa huko huko, akanong'ona: "Anamwambia avue mzigo amsalimie vizuri."

Kasaine hakutaka. Mama akarudia. Evaresta akasogea, "Mama, subiri kwanza," lakini Namnyaki hajui Kiswahili, au siku ile hakutaka kukijua. Kasaine akafungua mkanda wa kiunoni, akatoa bega moja, akatoa la pili, begi likashuka.

Hakuanguka kama mtu aliyejikwaa. Alikunjika kuelekea kushoto polepole, akiwa anaelewa kabisa kinachomtokea, na mama yake akampokea kifuani, wote wawili wakashuka mpaka chini. Namnyaki akapitisha mkono chini ya shati, mgongoni. Mkono ukasimama. Akalipandisha shati, na sote tukaona: katikati ya mgongo pingili moja imejitokeza nje kama kifundo cha mkono uliokunjwa, pale pale ambapo kwa miaka tisa nilikuwa naona vitu vizito vikipangwa kwa upendo. Mbavu zilihesabika.

Mama akauliza. Kasaine akajibu. Sikuwahi kumsikia akisema maneno mengi vile. Kwa lugha yake alikuwa mtu mwingine, anaongea haraka, anaonyesha kwa mikono, anapiga paja la kushoto kwa ngumi na paja halishtuki. Lemomo alikuwa ameacha kutafsiri.

"Anasema nini?" Evaresta akauliza. "Lemomo! Anasema nini?"

Lemomo alitazama chini. "Anasema mgongo unamuuma tangu masika. Miguu inakufa ganzi, jasho linamlowesha akilala. Mama anamwuliza kwa nini hakusema. Anasema alisema."

"Alimwambia nani?"

"Wewe, dada Eva. Anasema ulimuuliza umekaa, akakujibu sijakaa. Mara mbili. Tukacheka. Lakini anasema wewe hukucheka sana, wewe ulielewa, ndiyo maana ukaanza kumtibu kwa mizigo. Kila safari ulikuwa unamwongezea dawa upande wa kulia. Anamwambia mama asikukasirikie."

Upepo uliinua turubai ukaliachia. Evaresta alikuwa amesimama na mikono imening'inia, na nikaona midomo yake inatembea kabla sauti haijatoka.

"Nilikuwa nauliza mzigo," akasema. "Kasaine. Mimi nilikuwa nauliza mzigo."

Kasaine alimtazama akiwa mapajani mwa mama yake, uso wake hauna lawama hata chembe, na hilo ndilo lililotumaliza. Nilikwenda nyuma ya hema la jikoni nikalia kama mtoto.

Tulipata gari barabarani tukamfikisha mjini siku ile ile. Wakampiga picha ya mgongo, wakachukua vipimo, baada ya siku chache daktari, mama wa makamo aliyechoka, akatuita. Akasema ni kifua kikuu, kimeingia kwenye uti wa mgongo, kimekula pingili mbili.

"Daktari," nikasema, maana mdomo wangu hautulii hata msibani, "kifua na mgongo wapi na wapi? Hakohoi hata kidogo."

"Hilo ni jina tu, baba. Kinaweza kushika popote." Akamgeukia Evaresta. "Dawa zipo, atameza mwaka mzima, na ugonjwa utakufa. Tatizo ni miguu. Mishipa imebanwa muda mrefu. Alianza kuelemea lini?"

Evaresta akajibu bila kusita, kama mtu anayesoma. Mwezi wa sita kilo mbili. Mwezi wa saba tatu kasoro kidogo. Mwezi wa nane karibu tano. Mwezi wa tisa, siku ya kwanza sita, siku ya tatu nane.

Daktari alikuwa anaandika, kisha kalamu ikasimama. "Kilo za nini?"

"Za kumnyoosha."

"Kwa hiyo watu wote walikuwa wanamwona yuko wima."

"Ndiyo."

"Na yeye mwenyewe pia."

Daktari akafunga faili taratibu, na nilishukuru kwamba hakusema lililokuwa wazi: kwamba mwezi wa sita mtu huyu angekuja hapa kwa miguu yake.

Hiyo ilikuwa wiki tatu zilizopita. Tangu hapo Evaresta hajatoka hospitalini ila kwenda kubadilisha nguo. Bi Swabaha anapeleka uji, mimi napeleka supu, Namnyaki amekuja mjini na anakaa chini ya dirisha la wodi tangu asubuhi. Mke na mama hawagombani. Wanapokezana kumgeuza kitandani.

Jana mchana alikuja mtaalamu wa viungo, kijana mpole anaitwa Abdiel. Akaeleza kwamba kabla ya kuzungumza habari za kusimama lazima kwanza ajue kama mgonjwa anaweza kukaa mwenyewe, bila kuegemezwa. Akiweza, kuna matumaini ya miguu. Asipoweza, tutasubiri, na akasema neno "tutasubiri" huku akitazama vidole vyake.

Wakamkalisha ukingoni mwa kitanda, amefungwa mkanda mgumu wa kifuani, miguu inaning'inia. Muuguzi alikaa upande wa kushoto na mito miwili, tayari kumpokea. Evaresta alikuwa amepiga magoti mbele, viganja vyake viwili kwenye mbavu za mumewe, cha kulia, kwenye ubavu wake wa kushoto, kikisukuma zaidi kuliko cha pili. Alikuwa hajui kama anafanya hivyo. Kasaine alikuwa amekaa wima sana, na kwa kitambo nikasema moyoni, Mungu mkubwa, amepona.

"Mwachie, mama," Abdiel akasema.

"Nikimwachia ataanguka."

"Muuguzi yupo, hataumia. Ukimshika mimi sioni kitu. Nataka nione anaelekea wapi, na baada ya muda gani."

Evaresta alimtazama Kasaine. Kasaine akamkubalia kwa kichwa. Evaresta akaondoa kiganja kimoja, akaondoa cha pili, na Abdiel akaanza kuhesabu. Alifika mbili. Kasaine akaenda kushoto, mwili wote wa juu, macho yamebaki kwa mkewe, bega likielekea kwenye mito. Miguu haikusogea. Mikono ya Evaresta ilimfuata ikamdaka nusu ya njia, imechelewa.

"Tena," Abdiel akasema. "Na tafadhali mama, usimdake."

Wakamkalisha tena. Mbili. Mikono ya Evaresta ikaruka tena yenyewe, na tena Abdiel akatikisa kichwa, akasema vile hapati kipimo, akasema samahani.

Mara ya tatu Evaresta aliiweka mikono nyuma yake, akaifunga mkono kwa mkono, akakaza. Abdiel akasema moja. Akasema mbili. Evaresta alibaki amepiga magoti pale pale, akimtazama mumewe anavyokwenda kushoto.